Kuingia kwenye tiba ya kikundi ukiwa chuo kikuu: hatua kwa hatua

Mwanafunzi anakwenda ofisi ya unasihi, anajieleza kwa shida, na mwisho wa mazungumzo anaambiwa: "Tunadhani kikundi kingekufaa." Wengi hapo husikia jambo jingine kabisa: "Foleni ni ndefu, hatuna mtu wa kukusikiliza peke yako." Wanatoka na karatasi ya ratiba mkononi, na hawarudi.

Na kweli, tiba hii ilizaliwa na uhaba. Mwaka 1905 huko Boston, daktari Joseph Pratt alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu wasio na fedha za kwenda kutibiwa kwenye vituo maalumu. Akawa anawakusanya mara moja kwa wiki ili awafundishe wote kwa pamoja. Lengo lilikuwa kuokoa muda, lakini aliona kwamba kule kukutana kwenyewe kulikuwa kunawapa moyo. Karibu karne moja baadaye, watafiti walijaribu tiba ya kikundi katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda. Watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, walikutana dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliotimiza vigezo vya sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi walishuka pia, lakini kutoka asilimia 94 hadi karibu 55 tu. Wale hawakuwa wanafunzi wa chuo, na kikundi chako hakitakuwa nakala ya vile. Ila nadhani wazo la kwamba kikundi ni kiti cha akiba tunaweza kuliweka kando.

Tatizo ni kwamba hakuna anayekufundisha namna ya kukitumia. Unaingia chumbani, kuna viti kwenye duara, halafu?

Hatua ya 1: Jua ni kikundi cha aina gani

Jina "tiba ya kikundi" linabeba vitu vitatu tofauti, na ukikosea mlango utadhani dawa haifanyi kazi.

Kuna vikundi vya stadi. Hivi vina ratiba, karatasi za mazoezi na kazi ya kufanya nyumbani, na mara nyingi vikao 6 hadi 12. Unajifunza kukabili wasiwasi, usingizi mbovu, au tabia ya kuahirisha kazi hadi usiku wa mwisho. Vinafanana kidogo na darasa, na mtu mkimya anaweza kuvimaliza bila kufunguka sana.

Kuna vikundi vya mada: waliofiwa, wanaoacha pombe, waliowahi kudhalilishwa, wanaoishi na ugonjwa sugu. Hapo huhitaji kueleza kwa nini umekuja, kila mtu anajua.

Na kuna vikundi vya mahusiano, ambavyo havina mada wala ratiba. Mnakaa, mnaongea, na kinachotokea kati yenu ndiyo kazi yenyewe. Aina hii ndiyo inayotisha zaidi, na ndiyo nitakayoitolea maneno mengi hapa, kwa sababu ndiyo inayoachwa nusu njia na watu wengi ambao ingewafaa.

Kikundi cha sala, kikundi cha kujisomea na kundi la marafiki wanaolia pamoja bwenini vyote ni vizuri. Si tiba. Tofauti kubwa ni kiongozi aliyesomea kazi hiyo, na makubaliano ya wazi kuhusu kinachofanyika.

Hatua ya 2: Jiulize kama huu ndio wakati wako

Kama unawaza kujiua au una mpango wa kujidhuru, usisubiri siku ya kikao. Nenda leo kwenye kitengo cha dharura cha hospitali, piga simu ya msaada ya nchi yako, au mwambie mtu aliye karibu abaki nawe mpaka upate mtaalamu. Kikundi kinaweza kuja baadaye.

Vilevile, mtu anayesikia sauti wasizosikia wengine, aliyepatwa na tukio baya wiki iliyopita tu, au ambaye hawezi kufika kikaoni bila kulewa, kwa kawaida huanza na mtaalamu ana kwa ana. Hajafungiwa mlango, ni kwamba duara la watu wanane linaweza kumzidi nguvu kwa sasa.

Wengine wote, hasa wanaosema "mimi siwezi kuongea mbele ya watu", soma tena sentensi hiyo. Mtu anayeogopa maji atajifunza kuogelea ndani ya maji. Kwa hofu ya kujumuika na watu, kikundi ni mahali pa kufanyia mazoezi ya jambo lile lile unaloliogopa, mbele ya watu ambao hawatakucheka kwa sababu wao pia mikono inatetemeka.

Unaweza pia kuwa na mnasihi wako binafsi na kikundi kwa wakati mmoja. Wengi hufanya hivyo. Waambie wote wawili.

Hatua ya 3: Uliza kabla hujajiandikisha

Vikundi vingi vizuri vina kikao cha awali, wewe na kiongozi peke yenu, kama dakika 30. Wanafunzi hukichukulia kama usaili wa kazi: wanajipamba. Usijipambe. Kiongozi anataka kujua kama mtafaana, nawe una haki ya kujua unaingia wapi. Maswali ambayo ningeuliza mimi:

Mtakuwa wangapi? Kikundi cha mahusiano huenda vizuri kikiwa na watu saba au wanane. Wakizidi kumi unaweza kujificha, na wakipungua watano unamulikwa kama taa ya upasuaji.

Kikundi kimefungwa au kiko wazi? Kilichofungwa kinaanza na kumalizika na watu wale wale. Kilicho wazi kinapokea mwanachama mpya nafasi ikipatikana. Cha kwanza hujenga imani haraka zaidi, ila ukikosa kuingia mwanzoni mwa muhula unasubiri.

Kikao ni saa ngapi, siku gani? Kwa kawaida ni saa moja na nusu kila wiki. Kama siku hiyo kuna kipindi cha maabara usichoweza kukikosa, sema sasa hivi. Kukosa kikao kimoja kati ya viwili kunakuumiza wewe na kikundi.

Nani anaandika nini, na nani anasoma? Uliza wazi kama kumbukumbu za unasihi zinakaa mbali na jalada lako la masomo. Swali hili wengi wanalo tumboni na hawaliulizi, kisha miezi mitatu wanaongea nusu nusu.

Na kuna hili la chuo, ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Mwambie kiongozi majina ya watu usioweza kukaa nao chumba kimoja: mpenzi mliyeachana, mnayelala chumba kimoja, msaidizi wa mhadhiri anayesahihisha kazi zako. Hatakuambia nani yumo, lakini anaweza kukupeleka kikundi kingine.

Hatua ya 4: Ielewe siri kabla ya kuifungua yako

Kiongozi anabanwa na maadili ya taaluma yake na, katika nchi nyingi, na sheria. Wanakikundi wenzako wanabanwa na ahadi tu. Ni tofauti kubwa na afadhali uijue mapema. Mara nyingi ahadi hiyo huheshimiwa, kwa sababu rahisi kwamba kila mmoja ameweka siri yake mezani.

Kanuni ya kawaida ni kwamba unaweza kueleza yako kwa umtakaye, ya wengine huyagusi, hata bila kutaja jina. "Kuna dada mmoja wa uhandisi kwenye kikundi chetu" tayari ni umbea, chuo si kikubwa kiasi hicho.

Kiongozi naye ana mipaka ya kutunza siri. Akiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au mtoto anadhulumiwa, atalazimika kuchukua hatua. Aeleze mipaka hiyo siku ya kwanza. Asipoieleza, muulize.

Kubalianeni pia mtafanya nini mkikutana maktaba. Wengine hupenda kusalimiana, wengine kupitana kama wasiojuana. Lolote mtakalochagua, lichagueni kwa sauti, la sivyo mmoja atapita bila kusalimia na mwingine atalala na donge.

Kama kikundi ni cha mtandaoni, siri inaanza na chumba chako. Vaa visikizi vya masikioni, washa kamera, na hakikisha mwenzako wa bwenini hayupo. Akiwa yupo, kaa hata kwenye ngazi za nyuma ya jengo au darasa tupu. Kuongea kwa mafumbo kwa sababu kuna mtu kitanda cha pili ni kupoteza saa na nusu yako.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza, sema kitu kimoja cha kweli

Huhitaji kusimulia maisha yako yote. Kwa kweli, usifanye hivyo. Kila kikundi kina mtu anayemwaga kila kitu siku ya kwanza, anarudi chumbani akiona aibu, na kikao cha pili kiti chake kiko tupu.

Huhitaji pia kunyamaza mpaka "uzoee". Ukimya una tabia ya kuganda: ukipita wiki tatu bila neno, neno la kwanza linakuwa zito kama jiwe. Lenga sentensi moja au mbili ndani ya dakika 20 za mwanzo. Hata hii inatosha: "Moyo unanidunda na sijui niseme nini." Ukweli huo una thamani kuliko hotuba uliyoiandaa njiani.

Kisha sikiliza. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani aliyeongoza vikundi kwa miaka mingi, alikuwa na zoezi la kuwaomba watu waandike kwenye karatasi, bila majina, jambo moja ambalo wangesita kabisa kulisema mbele ya kikundi. Siri iliyojirudia kuliko zote ilikuwa ile hisia ya ndani kwamba mtu hafai, kwamba anaigiza tu na siku moja watamgundua. Fikiria hilo ukiwa umekaa kwenye ukumbi wa mihadhara na mamia ya watu wanaoonekana wanaelewa kila kitu.

Hatua ya 6: Jifunze lugha ya duara

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo tulivyolelewa na tulivyosomeshwa kunatuangusha. Mwanafunzi akisikia tatizo, anatoa jibu. Mtu anasema, "Sijaongea na baba tangu mwaka jana," na kabla hajameza mate, watatu wameshamshauri ampigie, amwandikie, amsamehe. Anashukuru, ananyamaza, na hakuna kilichobadilika. Ushauri mara nyingi ni njia yetu ya kumnyamazisha mtu anayetuumiza roho.

Jaribu kuuliza kwanza: "Ungependa tukusikilize tu, au unataka mawazo?" Au sema alichokuamshia: "Ulipotaja baba yako, nilikumbuka nilivyokuwa nakwepa simu za mama. Kifua kimebana." Usigeuze kuwa hadithi yako ya robo saa. Sentensi mbili, kisha mrudishie mwenyewe.

La pili ni kugeuza macho kutoka ya huko nje kuja ya humu ndani. Unaweza kulalamika wiki sita kwamba watu hawakutilii maanani, na kikundi kikakuonea huruma. Au unaweza kusema: "Nilipokuwa naongea juzi, nyie wawili mlikuwa mnatazamana. Nilijiona sina maana, nikakatisha." Ghafla chumba kizima kinaamka, kwa sababu sasa tatizo lako liko mezani, hai, na wahusika wapo wa kukujibu. Huenda mmoja akasema, "Nilimtazama kwa sababu ulichosema kilinigusa." Huenda pia akasema, "Ni kweli, nilichoka, kwa sababu unapoongea hututazami." Majibu yote mawili huyapati kwa rafiki yako wa kawaida.

Ukitaka kumwambia mtu jambo gumu, taja ulichokiona, kisha kilichokupata wewe, basi. "Ulicheka niliposema nimefeli, na niliumia." Ukiongeza "wewe una dharau", umehama kutoka kilichotokea kwenda kumhukumu, naye atajitetea. Na ukiambiwa wewe jambo gumu, usikimbilie kueleza ulimaanisha nini. Vuta pumzi, uliza: "Nani mwingine ameliona hilo?" Mtu mmoja anaweza kukosea kukuhusu. Watano wakiona jambo lile lile, lifikirie usiku huo.

Kuhusu ukimya wa kikundi kizima: dakika moja kwenye duara ni ndefu kama mhadhara wa alasiri. Usiharakishe kuuvunja kwa utani. Mara nyingi mtu anautumia kupima kama aseme.

Neno moja kuhusu dawa. Wenzako watakuambia walivyoacha zao wakapona. Kipimo cha dawa yako ni kati yako na daktari.

Hatua ya 7: Wiki ya tatu hadi ya sita, usiondoke kimya kimya

Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani Bruce Tuckman alieleza kwamba vikundi hupitia hatua: watu kukutana, kisha mvutano, kisha kujiwekea kanuni, ndipo kazi inaanza. Wiki mbili za kwanza kila mtu ni mpole. Halafu mmoja anachelewa kila mara, mwingine anakula muda wote, kiongozi anaonekana hajui anachofanya, na wewe unaanza kugundua kwamba una kazi nyingi za darasani siku hiyo ya wiki.

Hapo ndipo watu wanapotoweka. Nami nimewahi kutoweka: nilituma ujumbe kwamba ratiba imebadilika, na ratiba haikuwa imebadilika. Nilikuwa nimekasirikia mtu mmoja kwa neno moja, na kama maisha yangu yote, nikafunga mlango taratibu nikaenda. Ilinichukua muda kuona kwamba nilikuwa nimepeleka ugonjwa wangu kliniki na kuondoka nao bila kuuonyesha kwa mtu.

Kwa hiyo jiwekee sharti moja: ukitaka kuacha, utakwenda kikaoni na kusema, "Nataka kuacha, na sababu ni hii." Ukishasema, uko huru kuondoka. Lakini mara nyingi kikao hicho ndicho kinachokuwa kizuri kuliko vyote.

Kuondoka haraka na bila deni, hata hivyo, kuna sababu zake. Kiongozi anayemlazimisha mtu kusimulia jambo la kuumiza, anayewadhihaki, anayetumia muda wenu kueleza ndoa yake, anayetaka urafiki wa kimapenzi na mwanakikundi, au anayepuuza siri inapovunjwa: huyo anaripotiwa kwa mkuu wa huduma hiyo, si wa kuvumiliwa.

Hatua ya 8: Linda yanayotokea nje ya chumba

Mtaanza kupendana, hilo ni la kawaida. Wawili watakunywa chai baada ya kikao, watatu watafungua kundi la simu. Shida inaanza pale mazungumzo ya kweli yanapohamia huko, na duara linabaki na salamu. Kanuni ya vikundi vingi si kukataza moja kwa moja, bali kutaka mkutano wowote wa nje usemwe ndani: "Mimi na yeye tuliongea Jumamosi, na hiki ndicho tulichoongea." Mahusiano ya kimapenzi ndani ya kikundi yaacheni mpaka kikundi kiishe. Nimeona watu wakipuuza hilo, na siku wanapoachana wanakikundi sita wanageuka mashahidi wa kesi.

Baada ya kila kikao jipe dakika kumi kabla ya kurudi kwenye kelele za hosteli. Tembea. Andika mistari mitatu: nilisema nini, nilimeza nini, wiki ijayo nitaanza na nini. Huo mstari wa pili ndio wa kuufungua kikao kijacho.

Hatua ya 9: Mitihani na likizo

Muhula una mdundo wake, na kikundi kinausikia. Wiki ya mitihani watu hukosa kwa sababu inayoonekana ya haki kabisa. Kama unaweza, nenda. Ni wiki ambayo usingizi umepotea na hasira iko karibu, na saa na nusu hiyo haitakufelisha. Ukishindwa, toa taarifa mapema, na waambie wanakikundi, si kiongozi peke yake. Kiti kitupu kisicho na maelezo humfanya kila mtu ajiulize amekosa nini.

Kabla ya likizo ndefu, panga na kiongozi utakuwa na nani wakati huo, hasa kama nyumbani ndiko kwenye tatizo. Chukua namba ya huduma ya dharura ukiwa bado chuoni, akili ikiwa imetulia.

Hatua ya 10: Aga

Kikao cha mwisho watu hupenda kukigeuza sherehe: vitafunwa, picha, "tutaonana". Vitafunwa havina ubaya, ila viwekwe baada ya kazi. Wengi wetu hatujawahi kuagana na watu vizuri. Tumehamishwa, tumeachwa, tumezika, au tumepotelea mbali. Hapa umepewa tarehe ya mwisho miezi kabla, na watu watakaokaa kukusikiliza.

Anza kuaga vikao viwili au vitatu kabla. Mtazame kila mmoja na umwambie jambo moja mahususi: "Siku uliyokataa kunibembeleza, ndiyo siku niliyoanza kukuamini." Sema pia kilichobaki bila kumalizika, na mtu ambaye hamkuelewana hadi mwisho. Ukisikia hamu ya kuumwa siku ya kikao cha mwisho, unajua la kufanya.

Kisha kutana na kiongozi peke yenu kwa dakika chache. Linganisha ulichosema katika kikao cha awali na ulipo sasa. Kama bado unahitaji msaada, omba kuelekezwa siku hiyo hiyo: kikundi cha muhula ujao, mnasihi binafsi, au daktari. Andika jina, mahali na siku kabla hujatoka mlangoni.